Gari la Nyuzi za Kioo: Jinsi Kikundi Kilivyojifunza Kuziba Ufa

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia na vijana wa jua kali)

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya fibaglasi. Wengine mnanitazama mkijiuliza, huyu ni mtu wa huduma za jamii, amejua wapi mambo ya bodi za magari? Ni kweli, mimi si fundi. Lakini kwa miezi minne nilikaa karibu na kikundi kimoja cha vijana wakitengeneza gari moja dogo la zamani, nikaandika kila kitu katika daftari, hata makosa. Na makosa yalikuwa mengi.

Kwanza mjue fibaglasi ni nini. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini, yaani utomvu wa kiwandani unaogeuka kuwa mgumu ukitiwa dawa. Nyuzi peke yake ni laini kama pamba. Resini peke yake hupasuka kama sahani. Zikiunganishwa zinakuwa kitu chepesi, kigumu, kisichopata kutu. Ni kama ukuta wa nyumba zetu za udongo: fito bila udongo hazizuii upepo, na udongo bila fito huanguka. Hapa kwetu mnaiona kwenye mashua za ziwani na pwani, kwenye pua za mabasi, na kwenye vile vifuniko vya juu ya malori.

Waingereza na Wamarekani waliitumia mapema kwa magari ya michezo, kwa sababu mtu mwenye karakana ndogo hawezi kununua mashini kubwa za kukunja bati. Marekani walitoa Chevrolet Corvette mwaka 1953, magari 300 tu mwaka huo wa kwanza, yote bodi ya fibaglasi. Uingereza kulikuwa na kampuni ya Lotus. Mwanzilishi wake, Colin Chapman, alitengeneza gari lake la kwanza mwaka 1948 katika gereji ya nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Mwaka 1962 kampuni hiyo ikatoa gari liitwalo Elan. Chini lina chesi ya chuma iliyokaa kama uti wa mgongo, na juu yake limevikwa bodi ya fibaglasi kama kanzu. Uzito wake wote ulikuwa kama kilo 680 hivi. Watu wengi walilinunua likiwa vipande wakaliunganisha nyumbani, maana huko Uingereza gari la vipande halikutozwa kodi ya ununuzi mpaka mpango huo ukabadilishwa mwaka 1973.

Niwaambie jambo moja la kando. Aliyesimamia usanifu wa Elan ni Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini. Siku moja akiwa nyumbani anatengeneza kabati, alitumia kiti kizuri kama meza ya kukatia mbao, akakikata kiti chenyewe. Kutokana na hasara hiyo akabuni ile meza ya fundi inayokunjika na kubana mbao, ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la Workmate. Makampuni kadhaa yaliikataa kwanza. Hilo nawaachia mlifikirie mkiwa njiani.

Sasa, gari letu. Lilikuwa Elan la mwaka 1969, mali ya mzee mmoja mstaafu. Alikuwa amelirudisha nyuma akagonga nguzo ya lango, halafu kwa hasira akalipeleka mbele akagusa ukuta. Kwa hiyo kulikuwa na nyufa nyuma, na madigadi ya mbele ya kushoto ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Alipoleta kazi kwa vijana alisema, "Vijana wangu, hili gari ni umri wa ndoa yangu. Mkiweza, mtengeneze. Msipoweza, mniambie mapema." Wakasema wanaweza. Walichukua malipo ya awali, wakaongeza pesa kutoka mfuko wa kikundi kununua vifaa. Mfuko ule ulikuwa wa watu kumi na mmoja. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotaka kuvunja kikundi baadaye.

Dakika ya kwanza kabisa, kijana mmoja hodari wa kunyoosha bati alichukua nyundo. Bati likibonyea unalipiga linarudi. Basi akagonga mara moja tu, taratibu, na ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu mpaka karibu na taa. Fibaglasi haibonyei, huvunjika. Ukiipiga unaongeza kazi. Tangu siku ile nyundo ilitundikwa juu ya mlango wa karakana, na mpaka leo wanamtania kwayo.

Baada ya hapo wakatulia, wakaanza kukagua. Kazi hii ya kukagua wengi huipita haraka, nami naona ndiyo nusu ya ufundi. Chukueni sarafu mgonge bodi polepole kuzunguka pale palipoumia. Penye afya panalia kwa sauti kali. Palipoachana ndani kwa ndani, tabaka kwa tabaka, panalia kwa uzito, kama mkate uliooka vizuri juu na ukabaki mbichi chini. Zungusheni alama kwa chaki. Mtashangaa, jeraha la sahani moja lilikuwa na ugonjwa wa sahani tatu. Halafu tazameni nyufa ndogo zilizokaa kama nyota au utando wa buibui. Hizo mara nyingi ziko kwenye ngozi ya juu tu, ile tunaita jelikoti. Lakini jiulizeni kwa nini zimetokea. Nyufa karibu na bawaba za mlango au pale bodi inapofungwa kwa bolti kwenye chesi zinaweza kuwa zinasababishwa na kitu kilicholegea au chuma kilicholiwa na kutu. Bodi haipati kutu, lakini chesi inapata. Ukiziba ufa na sababu ikabaki, ufa utarudi kabla hujamaliza kula malipo.

Na ufa ulikuwa umerudi kweli kwenye gari lile. Kwa nyuma tulikuta fundi wa zamani alikuwa ameujaza fila tupu, kisha akapaka rangi. Fila haina nyuzi, kwa hiyo haina nguvu ya kushika. Ni ya kulainisha, basi.

Rangi ya zamani iondoeni kwa msasa, kwa mkono na kwa subira. Ile dawa kali ya kubandua rangi ya mabati msiiguse, maana inaweza kula resini yenyewe. Lakini kabla ya msasa, osheni kwanza kwa maji na sabuni, kisha futeni kwa kitambaa chenye asetoni. Gari la miaka hamsini lina nta na mafuta juu yake, na ukisugua kabla ya kuosha unayaingiza ndani, na resini mpya haitashika. Zimeni jiko, zimeni sigara. Asetoni inawaka haraka kama petroli.

Halafu mnakata sehemu yote iliyokufa mpaka mfike penye afya. Mwisho wa kila ufa toboeni kitundu kidogo ili usiendelee kutembea. Na hapa ndipo pa muhimu: ukingo wa tundu hauachwi wima. Unasuguliwa uwe mteremko. Kanuni waliyofuata ni kwamba mteremko uwe mrefu mara kumi na mbili ya unene wa bodi. Bodi ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36, kama vidole viwili. Hivyo nyuzi mpya zinalala juu ya za zamani kwa eneo kubwa zinashikana. Kiraka kilichowekwa ukingo kwa ukingo ni kama kuunganisha kamba kwa kugusisha ncha zake bila fundo. Upande wa ndani nao usugueni, maana nguvu nyingi ya kiraka hutoka nyuma, mahali ambapo mteja haoni.

Vumbi lake, jameni! Vumbi lile ni kioo. Linawasha mwili, na mapafuni si pake. Vaeni maski ya vumbi inayokaa vizuri usoni, miwani ya kukinga, mikono mirefu, na fungeni mikono ya shati. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Mkimaliza, ogeni kwa maji baridi kwanza. Na akina mama, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Mama mmoja alifua pamoja, mtoto akawashwa siku mbili wakidhani ni upele.

Sasa resini. Ile inayotumika sana kwa kazi hii ni ya polista. Inakuja kama asali, na pembeni yake kichupa cha hadena, ambayo ni peroksaidi, haina rangi, ni kama maji. Kipimo ni asilimia 1 mpaka 2 kwa uzito. Yaani gramu 200 za resini zinataka gramu 2 mpaka 4 za hadena. Siku ya jua kali tumieni kidogo, asubuhi ya baridi ongezeni kuelekea 2. Mkienda chini ya 1 inaweza isikauke kamwe, itabaki kama gundi ya panya. Vijana wa kiume walitaka kumimina kwa macho. Mweka hazina wao, dada anayeoka keki za kuuza sokoni, akasema, "Mimi siokei mtu keki kwa kukisia, na hii ni ghali kuliko unga." Akaleta mizani yake ya zamani ya jikoni, akanunua bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia hadena. Mizani ile haikurudi jikoni tena, na msiirudishe ya kwenu.

Kiasi nacho kinahesabika. Mkeka wa nyuzi wa kawaida ni wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kiraka cha sentimita 30 kwa 30 kitakuwa na uzito wa gramu 40 hivi. Tabaka moja likikauka linatoa unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo bodi ya milimita 3 inataka matabaka matatu, gramu 120 za mkeka. Resini ni kama mara mbili na nusu ya uzito wa mkeka, basi ni gramu 300. Msichanganye yote mara moja. Resini ikianza kukauka inatoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya kopo joto linakosa pa kwenda. Nimeona kwa macho yangu kopo likitoa moshi na plastiki ikilegea. Changanyeni kidogo kidogo, ya kutumia kwa dakika kumi, na kopo likianza kupata moto litoeni nje mliache mbali.

Kuna jambo la hatari zaidi. Resini nyingi siku hizi huuzwa ikiwa tayari imetiwa dawa ya kuharakisha, mara nyingi ya kobalti. Lakini ikiwa mmeuziwa dawa hiyo kando, kamwe msiikutanishe na hadena moja kwa moja. Zikikutana zenyewe zinaweza kulipuka. Inachanganywa kwanza kabisa ndani ya resini, kisha hadena baadaye.

Na hadena ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Wekeni ndoo ya maji safi karibu kabla ya kufungua kichupa. Ikimrukia mtu, mwosheni jicho papo hapo kwa maji yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi, ndipo mumkimbize hospitali. Msianze safari kabla ya kuosha.

Niwaeleze kilichonikosesha usingizi. Kijana mmoja alipewa akamalizie kazi ndogo nyumbani kwao. Akamimina hadena kidogo kwenye chupa ya soda, akaiweka dirishani. Mdogo wake wa miaka mitano alirudi kutoka kuchunga mbuzi, ana kiu. Chupa ilikuwa tayari mkononi na kizibo kimefunguliwa wakati nyanya alipoingia akasikia harufu asiyoijua, akaipiga ile chupa ikaanguka. Basi. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilifika pale jioni, nikamkuta kijana ameketi nje hataki kula. Tangu hapo kikundi kina sanduku la mbao lenye kufuli, hadena haitoki katika chupa yake ya dukani, na anayeitoa anaandika jina.

Turudi kwenye kiraka. Nyuma ya tundu tuliweka kadibodi ngumu iliyobandikwa nailoni laini, imepakwa nta, ikashikwa ili ifuate mzingo wa madigadi. Mzingo tuliuchukua kwa kadibodi iliyokatwa kufuata madigadi ya kulia, kisha tukaigeuza. Mkeka ukateni vipande vitatu vya ukubwa tofauti, na kingo zake zichaneni kwa vidole badala ya kukata kwa mkasi. Kingo zilizochanika zinayeyukia ndani ya bodi, ilhali za mkasi huacha mstari. Kipi kianze, kikubwa au kidogo? Mafundi hubishana mpaka chai inapoa. Mimi nakubaliana na wanaoanza na kikubwa, kwa sababu ndicho chenye kushika eneo pana, na ukisugua juu baadaye hukikati.

Pakeni resini kwanza juu ya bodi, lazeni mkeka, kisha dondeni kwa ncha ya brashi, msiburute. Mkiburuta nyuzi zinafuata brashi kama sufu. Mkeka mweupe ukigeuka kuwa wa kuona ndani, umekunywa wa kutosha. Pitisheni rola ya mifereji kutoa mapovu ya hewa, maana kila povu ni ufa wa kesho. Matabaka matatu kwa mara moja yatosha. Mkitaka zaidi, subirini joto lipoe.

Resini ya kawaida ya kazi hii hubaki ikinata juu hata ikikauka, kwa kuwa hewa inaizuia. Msishtuke. Tabaka la mwisho lifunikeni kwa nailoni laini bila mikunjo, au tumieni resini yenye nta ndani yake. Ile yenye nta lazima isuguliwe kabla ya kuweka kitu kingine juu.

Haya, sasa kosa letu kubwa. Kiraka kilikauka siku hiyo hiyo. Kilikuwa kigumu, ukigonga kinalia vizuri. Vijana walihitaji pesa, mmoja alikuwa na karo ya shule ya mdogo wake. Siku ya tatu wakaweka fila nyembamba, praima, rangi. Ikang'aa. Mzee akaja, akafurahi, akalipa sehemu, akasema salio mwisho wa mwezi. Wiki tatu baadaye akarudi. Hakusema neno. Alilisimamisha gari juani, akasema tu, "Tazameni." Umbo lote la kiraka lilikuwa limejichora juu ya rangi, kama mfupa chini ya ngozi ya mtu aliyekonda. Resini ngumu si lazima iwe imekomaa. Inaendelea kusinyaa siku nyingi, na jua linaiharakisha. Salio halikutoka.

Mkutano wa kikundi siku hiyo ulikuwa mbaya. Wengine walitaka kumfukuza kijana wa karo, kwamba ndiye aliyeharakisha. Wengine walisema mzee arudishiwe gari hivyo hivyo, salio asilipe, yaishe. Mimi niliwauliza swali moja: katika daftari, nani aliweka sahihi kwamba rangi ipakwe? Tukafungua. Zilikuwa sahihi tisa kati ya kumi na moja. Kimya kikawa kirefu. Mwishowe mwenyekiti akaenda kwa mzee akamwambia, "Baba, tulikosea, tutarudia kwa gharama yetu, lakini tunaomba wiki sita." Mzee akauliza kwa nini sita. Akaelezwa. Akakubali.

Walisugua rangi yote, wakaliacha gari nje, mchana juani, usiku chini ya turubai, wiki nne kamili bila kuligusa. Hizo wiki nne zilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe. Ndipo wakalainisha, wakapaka. Rangi zenye hadena yake maalumu za kupuliza walimpa fundi mwenye kifaa cha kupumulia hewa safi, maana mvuke wake unaharibu mapafu na maski ya kitambaa haiuzuii. Salio likalipwa. Baada ya kutoa gharama za kurudia, kila mwanakikundi alipata kidogo sana, nimeona orodha. Lakini mfuko ulirudi kama ulivyokuwa, na mvuvi mmoja aliyesikia habari hiyo akawaletea mashua yenye ufa. Mkataba wake una mstari wa muda wa kukomaa.

Mama pale nyuma ameuliza kama wanaweza kuziba tangi lake jeusi la maji lililopasuka. Mama, hapana. Yale matangi meusi ni plastiki ya aina nyingine, resini haishiki juu yake, itabanduka kama magamba. Hilo linaunganishwa kwa joto, kwa kipande cha plastiki ya aina ile ile. Na hata tangi la fibaglasi yenyewe, kama ni la maji ya kunywa, vijana wasiliguse kwa ndani kwa resini ya gari. Nimeona mkono mwingine kule kushoto. Karibu, mzee.